Mwizi Naye Asome

Jumamosi jioni kibanda cha kinyozi cha Anko hugeuka ofisi ya wakili. Mtu anakaa kwenye kiti, anafungwa kitambaa shingoni, na kabla mashine haijawashwa anachomoa bahasha ya kaki. Kijana wake ameshikwa. Landilodi ameweka kufuli lake mlangoni. Kuna samansi imeletwa nyumbani na hakuna anayejua siku ya kufika kortini ni lini. Anko anaweka mashine chini, anavaa miwani yake iliyokatika mkono mmoja, anasoma karatasi hadi mwisho bila kutoa sauti, halafu anauliza swali lile lile kila wiki: "Hii ulipewa tarehe gani?"

Tarehe kwake si mchezo. Anko wangu, kakake mamangu, alihukumiwa kunyongwa mwaka wa 2007 kwa wizi wa mabavu. Alitoka 2019. Hakutoroka, wala hakusamehewa na rais. Alitoka kwa ombi aliloliandika mwenyewe, kwa mkono, kwa Kiingereza, yeye aliyeacha shule darasa la sita.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilichangia, lakini si karo peke yake. Ukweli ni kwamba nilichoka, na hakuna siku niliyoamka nikaona sababu ya kurudi. Sasa naandika hapa na pale, nalipwa kwa makala. Anko alipojua alinyamaza muda mrefu, akasema: "Mpwa wangu, sisi tulikuwa tunapanga foleni ili tuingie darasani. Wewe ulitoka kwa miguu yako?"

Sikuwa na jibu. Nilichofanya ni kuanza kufuatilia foleni hiyo ilianzia wapi.

*

Kwanza niseme hili, msije mkadhani nimeficha. Anko hakusingiziwa. Alikuwepo usiku ule, na panga ilikuwa mkononi mwake. Mwenye duka alikatwa mkono wa kulia na mpaka leo vidole viwili havikunjiki. Mamangu huenda kumwona mama huyo kila Krismasi, na hubeba unga na sukari, na hawazungumzii jambo lenyewe. Kwa hivyo hii si hadithi ya mtu asiye na hatia. Hizo tunazipenda sana, na mapenzi hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tuanze na wakoloni. Idara ya magereza nchini Kenya iliundwa 1911, na haikuundwa ili mtu asome. Wengi waliojaa humo miaka ya mwanzo hawakuwa majambazi. Walikuwa watu walioshindwa kulipa kodi ya nyumba na, kipande kilipoanza kutumika kuanzia 1919 na 1920, wanaume waliopatikana njiani bila kile kibati chao shingoni. Serikali ilihitaji mikono, na mfungwa alikuwa mikono ya bure: kokoto, barabara, mashamba. Wazee wetu bado huita jela Hoteli ya Kingi Georgi, na ukisikiliza vizuri utajua kicheko hicho kilitoka kwa watu waliolala humo kwa makosa ambayo leo hata si makosa.

Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Makumi ya maelfu ya watu wakafungiwa kambini bila kesi: Manyani, Mackinnon Road, Mageta kule ziwani, Manda kule Lamu. Mtu alipangwa kwa rangi, mweupe, kijivu au mweusi, kulingana na vile wakubwa walivyoona moyo wake umelainika. Na humo ndani, mahali ambapo lengo lilikuwa kuvunja akili ya mtu, wafungwa wakafungua shule. J.M. Kariuki alipitia kambi 14 kati ya 1953 na 1960, na katika kitabu chake Mau Mau Detainee, kilichotoka 1963, anasimulia vile waliojua kusoma waliwafunza wasiojua. Pia waliandika barua. Barua za malalamiko kwa maofisa wa serikali, barua kwa wabunge wa Uingereza, zikitolewa nje kwa siri. Kariuki alipigwa kwa sababu ya barua hizo, na akaendelea kuziandika. Gakaara wa Wanjaũ naye aliweka shajara miaka yote ya kuzuiliwa kwake. Ilichapishwa 1983 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma.

Ukitaka kujua karatasi ilikuwa na maana gani, kumbuka Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo, na tangazo la kwanza la serikali likasema walikufa baada ya kunywa maji. Katika nchi ambapo serikali inaweza kuandika hivyo, mfungwa anayejua kuandika ni mtu hatari.

Uhuru ulikuja, kuta zikabaki. Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chenye kichwa Kenya: Twendapi? Alikaa hadi 1972, muda mwingi peke yake, na mashairi aliyoyaandika humo kwenye karatasi za choo yakawa Sauti ya Dhiki, diwani iliyotoka 1973 na kushinda Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake mwisho wa Desemba 1977, akawekwa Kamiti bila kesi hadi Desemba 1978, na humo akaandika Caitaani Mũtharaba-inĩ, tena kwenye karatasi za choo. Askari waliichukua miswada yake mara moja kwenye msako, kisha ikarudishwa.

Hawa wawili nilikutana nao chuoni. Tulijadili karatasi ya choo semesta nzima. Lakini hakuna mwalimu aliyetuuliza, na sisi wenyewe hatukuuliza, upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na nani. Kamiti haikujengwa kwa washairi. Upande wa pili kulikuwa na mwizi wa kuku, muuza chang'aa, mtu aliyemchoma kisu rafiki yake baani. Kulikuwa na watu kama Anko. Je, hao nao walikuwa na haki ya kalamu?

Hapo ndipo historia inapokuwa ngumu. Tunampenda mfungwa msomi, mradi aingie jela akiwa shujaa. Akiingia akiwa mwizi, tunasema akome kwanza.

*

Kenya ilinyonga watu kwa mara ya mwisho 1987. Baada ya hapo kitanzi kilipumzika lakini mahakama hazikupumzika. Sheria ilisema mauaji ni kifo, na wizi wa mabavu, ile ambayo wafungwa huiita kwa nambari yake tu, 296, ni kifo. Hakimu hakuwa na nafasi ya kupima. Ukipatikana na hatia, imekwisha. Watu wakahukumiwa kunyongwa na hakuna aliyenyongwa, na mabloku yakajaa wanaume waliokuwa wakingoja kitu ambacho hakiji na hakiondoki. Agosti 2009 Rais Kibaki aligeuza hukumu za zaidi ya watu 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Anko alikuwa mmoja wao. Anasema siku ile watu wengine walilia, na wengine wakakasirika. Kitanzi angalau kilikuwa na mwisho.

Tayari mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Serikali ya Narc ilipoingia 2003, Moody Awori, waziri wa mambo ya ndani na baadaye makamu wa rais, alifungua milango ya magereza. Magodoro yakaingia, televisheni zikaingia, waandishi wa habari wakaingia na kamera zao. Watu nje walinung'unika: wezi wanapewa TV? Lakini mlango ukishafunguka kidogo, vitu vingine hupenya. Shule za magereza zikapata nguvu, na wafungwa wakafanya KCPE na KCSE wakiwa wamevaa kunguru, ile sare ya mistari. Walimu wengi walikuwa wafungwa wenyewe.

Mwalimu wa Anko alikuwa mmoja wao. Nitamwita hivyo tu, Mwalimu, maana ndivyo kila mtu alivyomwita, na ndiyo iliyokuwa kazi yake kabla ya kushikwa. Aliingia 2010, naye kwa 296. Yeye husema hakuwepo. Alimfunza Anko Kiingereza kwa Biblia na magazeti ya wiki iliyopita. Anko alifanya KCPE akiwa na miaka 34. Matokeo yake ameyaweka kwenye fremu pale kinyozi, juu ya kioo, na wateja hudhani ni leseni ya kaunti.

*

Sasa turudi nyuma kidogo, twende Uganda. Kijana Mwingereza, Alexander McLean, alifika huko akiwa na miaka 18 kujitolea kuhudumia wagonjwa mahututi, na hapo ndipo alipoingia gereza la Luzira na kuona watu wanavyokufa humo. Mwaka wa 2007 akaanzisha shirika la African Prisons Project. Mwanzo lilikuwa shirika kama mengine: zahanati, maktaba. Kisha likabadilika na kuwa kitu kingine kabisa. Lilianza kuwafunza sheria wafungwa na askari jela, na kuwalipia baadhi yao kusoma shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa masafa, mpango ule ule ambao Nelson Mandela aliwahi kuusoma akiwa mfungwa. Liliingia Kenya pia, Kamiti na Lang'ata ya wanawake na kwingineko. Tangu 2020 linaitwa Justice Defenders.

Kilichonishangaza si mzungu na shirika lake. Hizo tumeziona nyingi. Ni lile dawati. Afande na mfungwa, kitabu kimoja, mtihani mmoja. Usiku afande anamfungia mwenzake seli, asubuhi wanabishana kuhusu mkataba ni nini.

Na Luzira hawakuwa wakingoja kuokolewa. Susan Kigula alihukumiwa kifo 2002. Mwaka uliofuata yeye na wafungwa wenzake 417, wote wa kunyongwa, waliishtaki serikali. Walishinda 2005, serikali ikakata rufaa, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikashikilia kwamba hukumu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kupima inakiuka katiba, na kwamba mtu aliyengoja kitanzi zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho asinyongwe tena. Kigula alisomea sheria na Chuo cha London akiwa ndani, hukumu yake ikapunguzwa, akatoka 2016. Kesi ilitangulia, darasa likafuata. Kwa hivyo nikisoma kwamba mashirika yaliwaletea wafungwa sheria, nacheka kidogo. Mlango ulikuwa umeshasukumwa kutoka ndani. Kazi ya mashirika, na ni kazi kubwa, ilikuwa kuleta vitabu na kuhakikisha haufungwi tena.

Kwetu pia. Juni 2010, katika kesi iliyoletwa na Priscilla Nyokabi Kanyua wa Kituo cha Sheria, iliamuliwa kwamba wafungwa wana haki ya kupiga kura kwenye kura ya maamuzi. Tarehe 4 Agosti wakapanga foleni na kuipigia kura katiba mpya. Katiba hiyo, kifungu cha 51, inasema mfungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kukaa pamoja na kufungwa kwake. Wafungwa walipigia kura katiba ambayo ingewatambua kama watu. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka tu rangi, kijani na nyekundu.

Halafu ikaja tarehe ambayo Anko huitaja kama wengine wanavyotaja siku ya kuzaliwa: 14 Desemba 2017. Francis Muruatetu na mwenzake Wilson Thirimbu Mwangi walikuwa wamehukumiwa kifo kwa mauaji, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha katiba. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufaa ikaupanua uamuzi huo hadi kwa wizi wa mabavu. Magerezani ilikuwa kama mvua. Kila mtu alitaka kurudi kortini kuhukumiwa upya. Mawakili walikuwa wangapi? Kalamu zilikuwa zile za wafungwa waliofunzwa, Anko akiwa mmoja wao. Nafasi za shahada ni chache na yeye hakupata, lakini alipewa mafunzo ya msaidizi wa sheria. Alikaa kwenye meza moja na Mwalimu, wakiandika maombi ya watu, mchana kutwa.

Alilofanya jaji kwa Anko ni jambo dogo ukilitazama. Aliuliza: umefanya nini miaka hii yote? Anko akatoa cheti cha KCPE, cheti cha useremala, cheti cha msaidizi wa sheria, na barua ya afisa wa gereza. Akaambiwa muda aliokaa unatosha.

Faili ya Mwalimu haikuwa tayari. Nakala za kesi yake zilikuwa zimepotea katika masjala ya mahakama moja, zikatafutwa, zikapatikana nusu, zikatafutwa tena. Anko aliondoka 2019 akimwambia, "Wiki chache tu, Mwalimu." Corona ikaingia. Kisha tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa ufafanuzi: uamuzi wa Muruatetu unahusu mauaji peke yake. Watu wa 296 walete kesi yao wenyewe.

Fikiria hapo. Wanaume wawili, kosa moja, meza moja. Mmoja ananyoa watu mtaani, mwingine bado yuko ndani, na tofauti yao ni tarehe. Anko hulala vibaya kwa sababu hii. Aliniambia mara moja tu: "Ombi langu ndilo alilorekebisha kwanza. Angeanza na lake."

*

Na aliyetoka hajatoka kabisa. Ukitaka kazi ya maana nchini humu utaulizwa good conduct. Unaenda kuchukuliwa alama za vidole, unalipa shilingi elfu moja na kitu, unangoja. Ya Anko ilirudi na kila kitu kimeandikwa. Kampuni moja ya ulinzi ilimwambia asante, tutakupigia. Karakana moja ilimpa kazi siku nne kabla mtu kunong'ona. Mwajiri hakusoma cheti cha KCPE wala cha msaidizi wa sheria. Alisoma mstari mmoja. Ndiyo maana alinunua mashine ya kunyolea. Kinyozi hakuna anayekuuliza good conduct, ingawa, kama anavyosema yeye, ndiye mtu unayempa wembe na shingo.

Wapo waliotoka na kufungua njia kwa wengine. Peter Ouko alipata diploma ya sheria ya Chuo cha London akiwa Kamiti, akaachiliwa kwa msamaha wa rais 2016, na ndiye aliye nyuma ya Crime Si Poa, wanaoongea na vijana kabla hawajafika huko. Lakini huwezi kutegemea kila anayetoka awe mwanzilishi wa shirika. Wengi wanataka tu kazi ya siku nne ifike ya tano.

Nilimuuliza mamangu, ambaye kwa miaka alikataa kulitaja jina la kakake, kama anadhani mwizi anastahili kusomeshwa bure wakati mtoto wake mwenyewe alikosa karo. Nilitaka akasirike pamoja nami. Alisema: "Alipokuwa hajui kusoma ndipo alibeba panga." Halafu akaongeza, kwa sababu hapendi mambo mepesi, "Na yule mama wa duka, yeye nani alimsomesha?" Swali hilo halijajibiwa na shirika lolote nililosoma habari zake, na sidhani nitalijibu hapa. Ninachojua ni kwamba mkono wake haungepona hata kama Anko angebaki mjinga.

Wiki iliyopita Anko alinipa bahasha. Ndani kuna nusu ya kesi ya Mwalimu na kurasa kumi na mbili alizoandika kwa mkono: ombi la msamaha kwa rais, chini ya kifungu cha 133. Anataka nizichape kwa kompyuta, maana siku hizi mwandiko wa mkono unawekwa chini ya rundo. Nimekaa nazo siku tatu. Kiingereza chake kina makosa madogo ambayo nayajua, nami nilikuwa tayari kuyarekebisha yote, hadi nilipogundua baadhi ni ya Mwalimu, alivyomfunza. Hayo nimeyaacha.

Jana usiku nilimpigia kumwambia nimemaliza. Hakusema asante. Aliuliza juu ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe gani.